Kipara Changu Kilivyokuletea Msiba

Morogoro, kwa binti yetu Koku

Mke wangu Ma Koku,

Nakusalimu kwa kwetu: wasibota waitu. Na shikamoo juu yake. Usishangae. Najua mume hampi mkewe shikamoo, tena mimi nilikuwa nachunga ng'ombe wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni, lakini leo nimejishusha mwenyewe, ipokee haraka kabla sijabadili nia. Kiuno kimepoa? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatudanganya kwa tumbo la majani? Kahawa ya upande wa bondeni imeiva? Mimi ni mzima. Mguu unatembea, na meno yaliyobaki yanatafuna kwa zamu. Koku na watoto wake hawajambo. Joto la huku nadhani Mungu aliliweka ili wazee wa Morogoro wasishtuke sana wakifika motoni.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu umezigomea. Nimepiga, ikaita mpaka ikachoka. Nikampigia mdogo wangu Byamungu hapo jirani, nikamsihi akupelekee simu yake mkononi. Nikasikia sauti yako kwa nyuma, wazi kabisa kama uko sebuleni kwa Koku: "Mwambie marehemu hapokei simu." Byamungu alicheka mpaka simu ikakatika. Basi nimekaa na elimu yangu ya darasa la nne, nimeazima kalamu ya mjukuu. Pale mwandiko unapopinda usiseme nimelewa. Huku rubisi yetu ya ndizi hakuna, kuna kitu cha chupa tu kinachokufanya ukojoe bila kufurahi.

Sasa nisikilize, maana najua umeshaanza kuguna.

Unakumbuka tulivyokuwa. Simu aliyotuachia Koku tunaiegesha kwenye panda ya mti wa kahawa itupige video, mimi nakaa na kisu najifanya bingwa wa kumenya ndizi, wewe unapita na sufuria unanikatiza: "Hiyo unamenya au unamchinja mtu?" Hatukupanga kitu. Ulikuwa unanitukana kama siku zote, ila mara hii kuna mtu anatazama. Watu wakacheka mpaka miji tusiyoijua. Mnadani wakawa wanatusimamisha: "Ninyi si wale wazee wa ndizi!" Mimi kifua mbele, nikidhani wananifuata mimi. Na wewe ukaanza kuvaa kitenge kipya kila tunapowasha simu, ukisema eti kile cha zamani kimelowa.

Halafu ikaja siku ile ya kukanyaga ndizi za rubisi. Nimeingia kwenye mwato, ndizi mbivu na nyasi mpaka kifundoni, na mwato wenyewe ni mtumbwi wa mti, unavyoteleza. Ukasema, "Ta Koku, kanyaga kama watu wengine. Mwato si uwanja wa ngoma." Mimi nikaitazama simu, nikaongeza mbwembwe. Kilichofuata unakijua: mguu ulivunjika, mwato ukapinduka, rubisi yote ikanywewa na ardhi. Watu wa huku nimewaambia kwamba wewe ulililia rubisi, mimi hukunililia. Wanacheka sana. Siwaambii kwamba ulinishika kichwa njia nzima mpaka hospitali.

Koku akaja, akasema nitakaa kwake kwa muda mpaka mguu upone. Huo muda umekuwa mrefu kuliko ndoa za vijana wa sasa. Wewe ukabaki, maana kibanja hakiachwi peke yake, migomba ikikosa mtu inajua. Na video zikafa hapo hapo.

Lakini watu hawakuacha kuuliza. Kwenye zile za zamani wanaandika chini: wazee mko wapi, bibi bado anamsema mzee? Koku alikuwa ananisomea jioni. Siku moja nikajisemea, mbona nakaa hapa kama gunia, nirudi kazini. Nikapanga kurudi kwa kishindo.

Hapo ndipo nilipoharibu, na naomba uone kwamba sikuharibu kwa makusudi, niliharibu kwa ujinga, ambao wewe umeuzoea.

Joto lilikuwa limenitoa vipele kichwani, kinyozi akanishauri tunyoe zote. Tukanyoa. Kichwa kikawa kama yai. Halafu mguu huu haupendi kiti, unataka kunyooshwa, kwa hiyo nikakaa chini. Na ili paonekane kama nyumbani, nikaomba majani ya migomba kwa jirani, nikayatandika, nikayakalia. Sasa fikiri mwenyewe. Mtu wa kwetu aone mwanamume mzima amenyoa upara, amekaa chini juu ya majani, mke hayupo. Ataelewa nini, kama si kwamba amefiwa na mke? Mimi sikufikiri. Huku Morogoro kipara ni kipara tu.

Nikawasha. Nikasalimia vizuri, nikaanza utani wangu: "Wapenzi, nimerudi baada ya kimya kirefu. Yule mama aliyekuwa akinisumbua, leo niko bila yeye. Nimepumzika." Halafu, Ma Koku, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu hapo ndipo mahali pako. Hapo ndipo unaponikatiza. Nilitulia nikakusubiri, kama mjinga, huku najua kabisa uko nyumbani Nyabiyonza. Kikaja kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye video yetu hata moja. Macho yakanilowa, nikajaribu kucheka, sauti ikatoka kama ya mbuzi aliyekabwa. Nikazima.

Kuikata sijui. Koku ndiye hukata, na alikuwa kazini. Nikairusha hivyo hivyo.

Watu wakaandika mambo mengi. Miwani sikuwa nayo, nikaona tu maandishi yanamiminika, nikadhani wamefurahi nimerudi. Nikambonyezea kila mmoja ile picha ya mikono miwili iliyounganishwa, kama mtu anayepokea rambirambi kwa adabu. Kumbe ndicho nilichokuwa nafanya.

Yaliyobaki Byamungu kanisimulia, nami nayaandika ili ujue kwamba nayajua. Dada yako wa Isingiro aliiona kwenye simu ya mkwe wake. Akakupigia, simu yako iko dukani inachajiwa, imezimwa. Kwa mtu ambaye ameshadhaniwa amekufa, simu iliyozimwa ni ushahidi. Koku hawakumpigia. Na kweli, nani kwetu humpigia mtoto kumuuliza kama mama yake amekufa? Wakakodi kirikuu, wakapakia mkungu wa ndizi, maharage, kuni, wanawake saba au wanane, na mwinjilisti wao na Biblia yake, wakaja na vumbi kutoka Isingiro mpaka kwako.

Dada yako alianza kulia tangu barabarani, kama inavyotakiwa. Na wewe, waitu, uko ndani ya kibanja unakata majani makavu, unasikia kilio kinakuja upande wa nyumbani. Ukafanya kama ulivyofunzwa: kilio hujibiwa kwa kilio, kuuliza ni baadaye. Ukatupa mundu, ukajifunga kanga kiunoni, ukatoka mbio unalia kwa nguvu kuliko wao. Byamungu anasema ulilia vizuri sana, hata yeye akatoka kwake analia bila kujua anamlilia nani. Mkakutana uani, ukamkumbatia dada yako, mkalia wote wawili mmeshikana.

Ndipo ukamwuliza sikioni, "Dada, ni nani?"

Naye akasema, "Ni wewe!"

Halafu akakutazama. Byamungu anasema alikusukuma kwa mikono yote miwili, ukaangukia kuni za msiba wako.

"Nani kasema nimekufa?"

"Mumeo! Tumemwona kwenye simu. Kanyoa. Kakalia majani."

"Huyo hakunyoa," ukasema, "huyo amepungukiwa. Nywele zilikuwa zinamfunikia."

Nimelicheka hilo peke yangu mpaka Koku akaja kuniuliza kama nimepatwa na kitu. Nimecheka pia kwamba mkungu ulioletwa msibani haurudi ulikotoka, kwa hiyo ukauchukua, ukamenya, ukawapikia waombolezaji wako mwenyewe, na mwinjilisti akasema neno ameshaliandaa, haliwezi kurudi Isingiro bure, akalitoa. Wanasema alikusifu kuwa ulikuwa mama mpole. Hapo ningekuwepo ningemwambia aangalie vizuri, amekosea nyumba.

Lakini Byamungu hakuishia kwenye kicheko. Alipomaliza kucheka akaniambia na lingine. Kwamba walipoondoka ulikaa kwenye kizingiti, yeye akakutania, nawe hukujibu utani. Ulisema, "Watu gari zima wameamini nimekufa na mume wangu yuko Morogoro anakaa mbele ya simu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona hajaja kunizika."

Ma Koku, hilo silichekei. Nimelizungusha kichwani kila upande nikitafuta mahali pa utani, sijapaona. Kweli hawakuuliza. Dada yako anayenijua tangu nilete posa, hakuuliza. Byamungu wa tumbo moja nami, hata alipoelezwa kisa, hakuuliza. Wote waliona ni jambo la kawaida kabisa, kwamba wewe ungekufa nami ningebaki huku nimenyoosha mguu, nawaambia watu wa simu. Ndivyo nilivyowazoesha. Mguu huu umepona zamani. Kilichonichelewesha ni kiti cha Koku kinacholala nyuma, na wali ukija bila mimi kuuliza umetoka wapi, na kila mwezi kusema mwezi ujao. Wewe uko hapo na kiuno hicho unabeba mikungu peke yako.

Nilijaribu kusahihisha. Nikatoa video nyingine, mara hii na kofia, nikasema mke wangu yu hai, mzima, ana hasira tu. Koku akanisomea waliyoandika: pole mzee, Mungu akutie nguvu. Mmoja kaandika, mwacheni, huwa inaanza hivyo. Mwingine akashauri nisiachwe peke yangu karibu na visu. Nikaona basi. Huyu mama siwezi kumfufua kwa mdomo wangu, mdomo wenyewe ndio uliomzika.

Kwa hiyo nimemwambia Koku narudi. Alianza habari za dawa na daktari, nikamwuliza, "Mama yako naye anaonwa na daktari gani?" Akaenda kunikatia tiketi. Nitakuja nyuma ya barua hii, ambayo naituma na mwalimu mmoja wa huko kwetu, Nyakasimbi, anayerudi likizo. Nikiteremka stendi sitapanda bodaboda mpaka mlangoni. Nitapita kwa miguu mchana kweupe, dukani, kanisani, kwa kila mtu, wanione nachechemea kuja kwako.

Habari ya video usiwe na wasiwasi nayo. Watu wanataka turudi, na mimi, nikisema sitaki nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Nataka. Lakini nimeshajua kwamba kilichokuwa kinachekesha si mimi, na wewe huna deni la kumchekesha mtu. Ukisema simu ikae sandukuni, itakaa, nami nitamenya ndizi bila mtu kunitazama, vibaya vile vile.

Nisalimie Byamungu, mwambie alichelewa kunieleza lile la mwisho, lakini nashukuru alilisema. Msalimie mkewe, shemeji yangu, ambaye najua ndiye aliyekupa pilipili za kutia kwenye maneno yako juu yangu. Dada yako wa Isingiro mwombe radhi kwa ajili yangu, mwambie nitakwenda mwenyewe kumpa pole ya kukulilia. Mwinjilisti wake naye msalimie, neno lake alitunze. Na mama mkwe, kama bado anasikia kwa sikio la kushoto, mwambie mkwewe anarudi. Akisema "nani?", usimlazimishe.

Samahani sikuombi humu. Karatasi haina macho, utaisoma umekunja uso nami sitakuwepo kuuona. Nisubiri nifike, unitazame vizuri na hiki kichwa kinachoanza kuota mvi upya, ndipo uamue kama nitalala ndani au kwenye banda la mbuzi. Ukisema banda la mbuzi, nitaingia bila ubishi. Hata hilo banda liko Nyabiyonza.

Ni mimi, mgane wako wa uongo,

Ta Koku