Damu Kwenye Mkono wa Shati

Jumatatu, 7 Machi 1955

Nguo nusu zimefuliwa, nusu bado. Nekesa, mke wa mjukuu wangu Wafula, bado yuko hospitali tangu ajifungue Jumamosi. Msichana. Mzima. Mimi huko sikanyagi. Wale wanaofyonza watu damu ni kachinja tu, wale wauaji wa usiku wanaouza damu, hata wakivaa nyeupe. Nilimwonya Wafula: damu ya ukoo wetu haitoki nje.

Polisi wamekuja. Askari wa ghala karibu na stesheni alipigwa kichwani Jumamosi usiku, hata kusema hawezi. Jirani alimwona Wafula akirudi usiku huo na damu kwenye mkono wa shati. Shati lenyewe lilikuwa kapuni, sijalifikia. Wafula akasema ni damu ya jogoo aliyemchinja kwa supu ya mzazi. Nikaruka juu, nikaapa nilimwona akichinja. Sikumwona. Jogoo aliletwa amenyonyolewa tayari. Lakini nani anisimamishie mjukuu mlangoni kama mwizi?

Wamemchukua. Na shati.

Jumatano, 9 Machi

Sijala. Nyakati hizi za Hali ya Hatari mtu hunyongwa kabla hajamaliza kujieleza.

Shati limepelekwa Nairobi kwa mpimaji. Nimecheka. Na apime jogoo basi.

Nimempelekea ugali selo. Hanitazami. Nimemgombeza: inua uso, mwanaume wewe.

Jumanne, 15 Machi

Si ya kuku. Ni ya mtu.

Inspekta amenitazama kama takataka. Mimi, mjane wa kanisa!

Nimerudi kwa miguu. Nina hasira na Wafula. Namlilia Wafula.

Jumatano, 16 Machi

Nekesa anadhani mumewe yuko zamu ya kazi mbali. Ilibidi aambiwe. Nani mwingine yuko? Nikaingia hospitali.

Nekesa, msichana wa watu, amekwisha, amebaki macho. Kabla sijafungua mdomo nesi akanidaka.

"Wewe ndiye bibi yake Wafula? Mwambie aje nimwone ule mkono. Nilimtoa damu ya kumwekea mkewe, nikageuka kuchukua pamba, kumbe ameshashusha shati anakimbilia zamu!"

Nekesa alikuwa anakufa Jumamosi ile. Damu ilimwisha. Akajazwa ya Wafula. Nesi anajua, Nekesa anajua. Mimi nimefichwa. Wananiogopa.

Nimekwenda moja kwa moja polisi. Nimesema: sikumwona akichinja, niliapa uongo. Wafula akaletwa, Inspekta akamuuliza mbona alinyamaza.

"Kukhu alikuwa ameshaapa," akasema. Kukhu ndiye mimi, bibi yake. "Ningesema kweli, yeye ndiye angefungwa."

Mjinga huyu. Angenyongwa kwa ajili ya mdomo wangu. Nilikaa chini, pale pale sakafuni.

Jumamosi, 19 Machi

Wamemwachilia. Mimi nimekaripiwa, basi. Nilistahili zaidi.

Daktari wa polisi alinionyesha shati. Damu ikirushwa huja kwa nje, matonetone, kila moja na mkia wake. Hii ni doa moja tu penye kiwiko, imeloa kutoka ndani kuja nje. Na mkono wa Wafula una alama ya sindano hapo hapo. Tena damu ina makundi, na ya yule askari ni kundi jingine. Anasema hata watu wa ukoo mmoja huweza kutofautiana. Hapo nilimwambia ajue mipaka yake.

Yule askari ameanza kusema. Mungu asaidie.

Jumapili, 20 Machi

Sikwenda kanisani. Nimekwenda hospitali.

Nimemuuliza nesi kama damu ya mzee inafaa. Amesema niihifadhi, nina haja nayo mwenyewe. Hana adabu.

Wafula amelala akiwa amekaa, kichwa kwenye kitanda cha mkewe. Nekesa naye amelala. Mtoto niko naye mimi. Mwekundu, ana joto, ngumi zimefumbwa. Nawafukuzia nzi.