Damu Kwenye Mahindi ya Kuchoma

Njoro,
Jumatano.

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako baridi ya asubuhi inatufanya tuvae masweta mawili mawili. Goti lako linasemaje siku hizi? Na yule jogoo wako mgomvi, bado anafukuza wageni? Sisi tunaendelea. Mkweo Thuo anakusalimu sana, na anasema viazi ulivyotuma vilifika vyote, hata kimoja hakikuchubuka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Ukisikia sauti yangu tu unaanza kucheka kwa furaha, nami ulimi unakuwa mzito. Jirani yangu Shiru anakuja huko kwako Gilgil kesho, ndiye niliyempa barua hii ikufikie kabla wewe na wamama wa kanisa hamjafunga safari ya Jumamosi kuja kuniombea mimi na mtoto. Tafadhali keti, uisome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote.

Unakumbuka siku ile ya Agosti tulipokuwa tukichoma mahindi nyuma ya jikoni. Niliuma hindi, nikalitoa mdomoni likiwa na damu. Uliacha kupepea moto ukaniuliza siku zangu niliziona lini mara ya mwisho. Nikakwambia tangu Mei sijaziona. Ukapiga makofi! Ulisema ufizi wako ulitoka damu kwa mimba zako zote, na kwamba yangu ndiyo ilikuvimbisha mpaka ukashindwa kutafuna hata githeri, mahindi na maharage yaliyochemka. Ukanishauri niache mswaki kabisa, nisukutue kwa maji ya chumvi hadi nijifungue. Nami niliamini, Mama. Miaka sita ya ndoa bila mtoto si mchezo. Nilirudi Njoro nikiimba.

Lakini ufizi ulizidi kuvimba, jino moja likaanza kulegea, na Thuo akanipeleka kwa daktari wa meno huko Nakuru. Nilishangaa sana. Nimemfungulia mdomo, naye ananiuliza habari za hedhi, tena anatazama zile ndevu chache za kidevuni ambazo huwa nazing'oa kabla ya kuja kwako. Alisema ni kweli mimba hufanya ufizi utoke damu, kwa hiyo hapo hukukosea, ila si mimba peke yake. Homoni za mwanamke zikivurugika kwa njia nyingine, ufizi unaweza kusumbua vilevile, na ukiacha kusafisha meno unazidi kuharibika. Akaongeza kwamba hata mja mzito haachi mswaki. Kisha akanituma kwa daktari wa wanawake, naye akanitoa damu na kunipiga picha ya tumbo.

Sina mimba, Mama. Sikuwa nayo hata siku ile ya mahindi. Nina hali wanayoiita PCOS. Homoni zangu haziko sawa, mayai hayakomai inavyotakiwa, ndiyo maana siku zangu hupotea miezi na miezi. Daktari anasema wanawake wengi wanayo, na wengi wao huzaa wakitibiwa. Nimeanza dawa. Meno nayo yamesafishwa, na ufizi umeanza kutulia.

Hayo ningeweza kukwambia bila kutetemeka. Kinachonichoma ni kwamba niliyajua tangu Septemba, na leo ni Novemba. Ulikuwa umeshatangaza kanisani. Ulikuwa umeng'oa kabichi zako ukapanda njahi, yale maharage meusi ya kunilisha nikijifungua, na kondoo wa kunichinjia ukakataa kumuuza. Hata ulikuwa umekubali mtoto wa kwanza apewe jina la mama yake Thuo, mradi wa pili awe wewe. Kila wiki Thuo alinisihi nikwambie, na kila wiki nilisema kesho. Halafu Jumapili iliyopita ukaniuliza kama mtoto ameanza kucheza. Nikasema anacheza sana. Nikakusikia ukimshukuru Mungu kwa sauti. Nilipokata simu nilienda kutapika, na najua ungeniona ungesema hiyo nayo ni dalili.

Nisamehe, Mama. Furaha yako ilikuwa tamu mno, na mimi nilitaka kukaa ndani yake kidogo. Nimekuaibisha mbele ya watu wako. Waambie wamama ukweli wote, usinifunike, maana aibu hii ni yangu.

Lakini nakuomba njahi usizing'oe. Zikikomaa nitakuja tuzivune pamoja, na kama moyo wako utakubali, unipikie sufuria moja tu, zile za kupondwa na ndizi mbivu. Najua ni chakula cha aliyejifungua, na mimi sijajifungua kitu. Lakini nami nimeumia, Mama, na ninataka kupikiwa na wewe.

Wasalimu wote hapo nyumbani, hata huyo jogoo.

Ni mimi binti yako, aliyekudanganya na bado anakupenda,

Nyakio.