Kiti cha Kocha wa Sita

Bowie, Maryland
14 Septemba 1997

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima napenda kuutangazia ukoo wetu pamoja na usharika mzima wa Gonja kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita mwanao Elisante ameteuliwa kuwa Mpanga Viti Mkuu wa nyumba anayofanyia kazi. Sherehe ya kuapishwa ilifanyika jikoni. Wageni waalikwa: mimi na birika.

Natumaini u mzima na mguu wa Mama umepoa. Mimi sijambo, ila baridi inakuja na nimeanza kuvaa soksi mbili mbili.

Yule mzee ninayemtunza, Mzee Tewkes, ana miaka themanini na miwili. Nimegundua kwamba alikuwa kocha mkuu wa timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira kwapani, wanavaa kofia ngumu na kugongana kama mabeberu. Si timu kubwa ya Washington, ambayo watu wa hapa huvaa fulana zake hata msibani. Hii ilikuwa timu ndogo ya kulipwa ya Bladensburg, ikavunjwa mwaka 1964. Katika miaka kumi na moja ilimaliza makocha wakuu saba. Mzee wangu alikuwa wa saba.

Wale sita wote ni marehemu. Hilo halijawazuia kuja kila siku saa kumi alasiri.

Mimi hupanga viti sita sebuleni, mzee hunitajia wenyewe. Wa kwanza alifukuzwa kwa simu. Wa pili alijisoma gazetini. Wa tatu alikuta kufuli ya ofisi imebadilishwa. Wa nne alikwenda kuuza magari, na huyo ndiye mwenye furaha kuliko wote. Wa tano aliipata barua yake hospitalini, imechomekwa kwenye maua. Wa sita anaitwa Brannigan, na kiti chake, anasema mzee, huwa kitupu. Nilitaka kumwambia kwamba vyote ni vitupu, nikameza mate.

Kosa nililifanya mimi. Siku ya kwanza niliingia na chai, mzee akasema, "Elisante, hawa ndio wenzangu." Baba, wewe na Mama mmenilea vibaya. Siwezi kupita walipo wazee kimya. Nikainama nikasema shikamoo, kiti kwa kiti, hadi cha tano. Nilipoinuka mzee alikuwa amenikodolea macho. "Hata wewe unawaona?" akaniuliza. Ndipo nikajua kwamba mpaka dakika ile alikuwa bado anajitilia shaka.

Binti yake, Lorraine, anayefanya kazi serikalini, amenivuta pembeni. "Elisante, nakusihi, acha kusalimia fanicha." Nimejaribu. Jana nilipita bila kusalimia, nikahisi mgongoni kwamba kuna watu wananisema.

Mwanao,
Elisante

*

Gonja, Same
20 Oktoba 1997

Mwanangu Elisante,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mguu wa Mama yako umepona, sasa anaumwa goti la mguu mwingine, ili asikae bure.

Barua yako tuliisoma kwa sauti, Mama yako akacheka mpaka jirani akaja kuuliza. Mpira wa mikono hata sisi tunao, unaitwa netiboli, na wasichana wa shule ya msingi wanaucheza bila kofia.

Endelea kuwasalimia hao wazee. Hujui ni akina nani, na hawajakukosea.

Kuna jambo moja. Umeeleza watano walivyoondolewa, wa sita umemruka. Aliondokaje? Unajua niliwahi kuwa kocha wa timu ya shamba la mkonge, hujaanza shule bado. Nauliza kwa upande wa ufundi tu.

Baba yako,
Zefania

*

Bowie, Maryland
16 Novemba 1997

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na pole kwa goti la Mama. Mimi mzima. Mzee Tewkes hali yake ni ya kupanda na kushuka, zaidi kushuka.

Nilimuuliza swali lako la ufundi. Aliiacha chai ikapoa, akanieleza huku akikitazama kile kiti.

Alikuwa kocha msaidizi wa Brannigan. Miaka mitano walisafiri pamoja, walikula pamoja, mtoto wa Brannigan alimwita anko. Halafu timu ikaanza kufungwa. Siku moja Tewkes akaenda kwa mwenye timu, akamwambia kwamba Brannigan anakunywa asubuhi. "Alikuwa anakunywa kweli?" nikamuuliza. "Alikuwa na mafua," mzee akasema. "Alinuka dawa."

Brannigan aliondolewa mbele ya wachezaji, katikati ya mazoezi. Alipita na sanduku lake mkononi, akaliweka chini ili ampe Tewkes mkono. Akamwambia, "Asante kwa kuwa nami mpaka mwisho." Baridi iliyofuata akafa, hajui kitu.

Sasa kila saa kumi mzee huniuliza, "Brannigan amefika?" Nami husema bado, kama karani wa zahanati.

Baba, kuna jingine, usimwambie Mama. Wiki iliyopita nilikigusa kiti hicho nikikisogeza. Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Dirisha liko upande ule na jua la alasiri hukipiga. Naandika hivyo ili unione mtu mwenye akili. Siku ile kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Mwanao,
Elisante

*

Bowie, Maryland
18 Januari 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu na mwaka umegeuka. Tunasikia habari za mvua za El Nino, kwamba barabara za Same zimekatika na madaraja yamekwenda. Nimejiambia ni mvua. Lakini Cosmas wa Mwanga, tunayesali naye huku, amepata barua mbili kutoka kwao tangu Krismasi, na kwao ndiko kulikobomoka zaidi.

Kama nimekukosea naomba unikemee kwa maandishi, kama zamani.

Mzee hainuki tena peke yake. Kitanda chake tumekihamishia sebuleni, karibu na viti. Lorraine ameacha kunikataza. Juzi nilimkuta amekaa sakafuni. Nikamwambia mbona viti vipo. Akasema, "Najua, Elisante. Sikutaka kumkalia mtu." Halafu akaona aibu, akaenda kuosha vikombe visivyo na uchafu.

Mwanao,
Elisante

*

Gonja, Same
9 Februari 1998

Mwanangu Elisante,

Marahaba. Sisi tu wazima, nyumba imesimama, migomba ya bondeni imekwenda na maji.

Lakini si mvua. Barua yako ilifika mapema Desemba. Kalamu ilikuwepo, karatasi ilikuwepo. Mimi ndiye sikuwepo.

Unamfahamu Mzee Leonard, mwenye nyumba ya bati jekundu ng'ambo ya kijito. Pengine umewahi kujiuliza kwa nini nakwenda kanisani kwa njia ya juu, ya mzunguko. Huwa nasema ni mazoezi ya moyo. Njia ya chini inapita mlangoni kwake.

Mwaka 1976 Leonard alikuwa kocha mkuu wa timu ya mkonge, mimi msaidizi wake. Nilikwenda kwa meneja wa shamba nikamwambia Leonard anawapanga wachezaji wa ukoo wake. Haikuwa kweli. Golikipa tu ndiye shemeji yake, na alikuwa golikipa mzuri. Wiki ileile Leonard akaondoka na mizigo yake, hakumuaga mtu, akaenda Korogwe kufanya kazi reli. Mimi nikakabidhiwa filimbi. Aliporudi kustaafu hapa hakunisalimia, nami sikumsalimia. Miaka ishirini na miwili sasa tangu filimbi ile.

Niliposoma habari za yule Brannigan aliyeweka sanduku chini ili ampe mwenzake mkono, niliinuka nikafunga mlango, mchana kweupe. Tangu hapo nikikaa barazani naona kama kuna mtu kwenye benchi upande wa pili. Nikigeuka ni kapu la Mama yako.

Mzee wako anamngoja mtu aliyekufa. Wangu yu hai, namsikia akikohoa benchi la nne kila Jumapili. Mama yako nimemweleza jana. Alisema, "Kumbe ndiyo maana unachakaza viatu."

Niambie mzee amefikia wapi na mtu wake.

Baba yako,
Zefania

*

Bowie, Maryland
8 Machi 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za posta, watu wakinipita pembeni. Sina la kukukemea. Namkumbuka Mzee Leonard. Alinipa miwa nikiwa mdogo, alipokuja likizo, ukaniambia niitupe.

Mzee Tewkes alifariki Alhamisi asubuhi. Jumanne aliniita saa kumi. "Elisante, kaa pale." Alionyesha kiti cha sita. Nikamwambia hicho ni cha Brannigan. "Hatakuja," akasema. "Nimemngoja vya kutosha. Kaa."

Nikakaa. Kiti kilikuwa cha baridi mno, kama jiwe la mtoni. Mzee akanitazama muda mrefu, na nikaona wazi kwamba hanioni mimi. Akaniambia yote, habari za mafua, za mwenye timu, za sanduku. Alilia bila sauti. Kisha, Baba, akaokota neno alilonisikia nikilisema tangu Septemba. Akainamisha kichwa juu ya mto, akasema, "Shikamoo, Brannigan."

Mtu wa miaka themanini na miwili ananiamkia mimi. Nilitafuta neno jingine lolote la kujibu, sikulipata. Lorraine alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kanga niliyompa zawadi. Nikasema, "Marahaba."

Nilisema kwa sauti isiyo yangu. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Mzee akalala.

Sijui nimefanya dhambi gani, kuitikia salamu ya marehemu au kumdanganya mzee anayekufa. Ila nilikiona kilichomtoka usoni, na ndiyo sababu nakuomba, kama mtoto asiye na haki ya kumwelekeza baba yake: pita njia ya chini. Wewe huhitaji mtu wa kumkalia Leonard kiti chake.

Mwanao,
Elisante

*

Gonja, Same
19 Aprili 1998

Mwanangu Elisante,

Marahaba. Pole kwa msiba. Mfikishie pole zetu Lorraine. Kwa kuitikia hukufanya dhambi, na kama ulifanya, iandike kwa jina langu.

Jumatatu ya Pasaka nilivaa koti na kupita njia ya chini. Kijito kilikuwa bado kimejaa, nikavua viatu. Nilipofika mlangoni kwa Leonard nilikuwa nimevishika mkononi kama mwizi aliyebadili nia. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akanitazama miguuni.

"Zefania. Umefiwa?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Nikakaa. Nikamweleza yote, meneja, shemeji yake golikipa, filimbi. Sikujitetea. Nikachukua hindi moja nikaanza kupukuchua, nipate cha kushika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akaniuliza, "Meneja hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Akaingia ndani. Nilimsikia akiburuta sanduku, na nikawaza kwamba anatafuta panga, na kwamba ni haki yake. Alitoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala ya barua yake ya kuacha kazi. Reli walikuwa wamemwita.

"Mbona hukuniaga?" nikamuuliza.

"Niliona aibu kukuachia timu mbovu namna ile," akasema. "Uliponinunia nikajua umenikasirikia kwa hilo. Ulikuwa na haki."

Tuliendelea kupukuchua mahindi.

Barua yake ina tarehe ya Ijumaa. Mimi nilikwenda kwa meneja Jumatatu iliyofuata.

Baba yako,
Zefania