Mguu Usiouma

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wazima, mama analalamikia magoti tu, na siku asipolalamika ndipo nitakapoogopa. Wewe je, hujambo kweli? Siulizi kwa mazoea. Barua yako nimeisoma tena na tena, na kila nikifika katikati roho inasita.

Hapo katikati, kati ya habari za mvua na za mpira, umechomeka mstari mmoja: mafuta ya kukaangia yaliingia ndani ya buti lako huko jikoni kazini kwako, umepaka dawa ya meno, na mguu hauumi hata kidogo. Ndugu yangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe uliyelia siku nzima kwa mwiba, leo mafuta yanayochemka yakae ndani ya buti usisikie kitu? Tena nikikupigia simu ya video unanionyesha dari.

Mwanzoni nilidhani unadanganya. Sasa nashuku jambo baya zaidi, kwamba unasema kweli.

Unaikumbuka sheria ya marehemu baba pale karakanani: anayelia apewe maji, anayenyamaza arudi kazini. Moto tuliupima kwa kelele. Baba mdogo aliposhika chuma cha moto wewe ulikuwa umeshasafiri. Hakulia. Kiganja kiligeuka cheupe, kikavu kama mshumaa, nasi tukampigia makofi na kumpa jina la Ngozi Ngumu. Mpaka homa ilipompanda na mkono ukaanza kunuka, ndipo tukakimbilia hospitali.

Muuguzi alibonyeza pembeni, kwenye wekundu, baba mdogo akaruka. Akabonyeza katikati, mzee akatulia kama anasikiliza redio.

Muuguzi akatugeukia. "Panapouma, ngozi bado ni hai. Hapa pasipouma moto umekula mpaka mishipa ya fahamu. Mngemleta siku ileile."

Leo baba mdogo anafungwa vifungo vya shati na mkewe. Sisi tuliopiga makofi tunatazama pembeni.

Kwa hiyo acha hiyo dawa ya meno, na usipake kingine, hata mafuta. Malengelenge usiyatumbue. Funika kwa kitambaa safi, uende hospitali. Wekundu mdogo wa mvuke ungeuweka chini ya maji ya bomba dakika ishirini, ukaendelea na maisha. Lakini ngozi iliyogeuka nyeupe au nyeusi, kavu, isiyosikia mguso, ni ya daktari. Na ikiwa ni mguuni, mkononi, usoni au kwenye kiungo, hata malengelenge peke yake ni ya daktari. Usiniambie mkuu wa jiko amekunyima ruhusa. Nashuku hata hujamwomba. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami naogopa, mdogo wangu. Naogopa sana.

Nilipomsomea mama barua yako niliuruka mstari ule. Akasema, "Rudia hapo ulipomeza mate." Nikarudia.

Tangu asubuhi anapanga nguo zake kwenye begi. Nitumie picha ya bandeji ya hospitali, nipate kumzuia. Ukinitumia ya dari, nitamsindikiza stendi mwenyewe.

Baba mdogo na mkewe wanakusalimu, na shangazi pia. Mungu akulinde na akupe akili ya kuogopa.

Wako akupendaye ingawa hakuamini,
Dada yako