Babu Yenu Anaongea na Nani

Wajukuu zangu,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Mdogo asitoke bila sweta. Kopo jekundu si chumvi, ni sabuni ya unga, msije mkaharibu mayai tena.

Mimi nimetoka kumfuata babu yenu. Tangu wiki jana anasema anajifunza kukimbia, lakini fulana yake inarudi kavu kama nilivyoipiga pasi. Leo asubuhi nikamuuliza, "Mzee, mbio gani hizi zisizo na jasho?" Akanijibu kwamba anayeanza hukimbia kidogo akatembea kidogo, tena kwa mwendo wa kuweza kuongea bila kuhema.

Nikamwambia, "Sawa. Unaongea na nani?"

Akafunga kamba za viatu, akatoka. Na manukato kajipaka, nimeyasikia mpaka jikoni. Mbio na manukato wapi na wapi?

Mwambieni mama yenu nimevaa raba zake, nitaziosha. ~~Nikimkuta na mtu, sirudi nyumba hii.~~ Nitarudi, maharage nimeyaloweka. Nikichelewa yabandikeni, moto mdogo.

Nawaachia kitendawili cha kunywea chai: mzee katoka peke yake, anakimbia huku anaongea. Wako wangapi?

Msihangaike, jibu ni wawili. Kuanzia leo huyo wa pili ni mimi, hata nikihema njia nzima. Na kama nafasi ina mtu, atanipisha.

Bibi yenu