Ratiba ya Rangi Tatu

Shoga, nimekwisha.

Nimefika chumba cha mtihani, kitupu. Kitupu kabisa! Msimamizi anafuta ubao, ananitazama: “Binti, wenzako wamefanya jana.”

Jana! Jana nilikuwa kitandani narudia maswali ya mtihani huohuo!

Kumbe tarehe zilibadilishwa wiki iliyopita. Ile ratiba yangu ya rangi tatu, niliyoringia bweni zima, niliinakili kutoka kwenye tangazo la zamani.

Nikamuuliza nifanyeje. “Utarudia likizoni.” Likizoni, wakati naanza mafunzo kazini! Mama ameshawatangazia hadi mashangazi.

Ngoja. Wewe si uliipiga picha ratiba yangu? Mtihani wako wa Takwimu nilikuandikia Ijumaa. Shoga, ni LEO! Saa nane! Nimesimama mbele ya tangazo jipya hapa.

Soma basi!

Nimepiga mara sita, hupatikani. Kwenu ni mwendo wa saa nzima, na sasa ni saa nane kasorobo.

Tiki moja tu.

Nimekumbuka nilichokuandikia chini ya ratiba kwa wino mwekundu, tena nikapigia mistari miwili: “Zima simu, usome.”

Mwaka mzima hujawahi kunisikiliza. Leo ndiyo umenisikiliza.