Kisanduku Nilichokipata Bila Wewe

Mdogo wangu Neema,

Mguu unaendeleaje? Mvua imenyesha Kigali na msitu unanukia mikaratusi. Leo niliingia peke yangu kutafuta kisanduku kilichofichwa, kwenye ule mchezo wetu wa kusaka mihuri. Kidokezo kilisema: "Penye njia panda, fuata sauti ya maji." Kwa mazoea nikakuuliza kwa sauti, "Neema, kushoto au kulia?"

Mama mmoja aliyekuwa akifagia njia akageuka, akauliza kwa Kiswahili cha huku. "Neema iko wapi?"

"Yuko Bukoba, mama. Amevunjika mguu."

"Pole sana! Basi twende na mimi."

Tukakikuta karibu na kijito, ndani ya shina bovu. Muhuri wake ndio huu wenye korongo, nimekugongea hapa pembeni. Nilipiga kelele za furaha, nikainua macho nikuonyeshe, hukuwepo.

Pona, mdogo wangu. Nimekukumbuka mno.

Dada yako,
Asteria